Umemaliza mbio, umenuna

Siku ya Kilimanjaro Marathon, pale Ushirika Moshi, utawakuta watu wana medali shingoni na sura za msibani. Wamekimbia kilometa 21, hakuna aliyeumia, lakini saa ya mkononi imesoma 2:12 na wao walitaka 2:00. Wengi wao hawakukimbia vibaya. Walipiga hesabu vibaya, na hesabu ndiyo pa kuanzia kabla hujaanza kujilaumu.

Chukua mkimbiaji wa Dar anayefanya mazoezi Coco Beach na Daraja la Tanzanite, usawa wa bahari, barabara tambarare. Nusu marathoni ya nyumbani anamaliza kwa saa 2 kamili. Moshi yenyewe iko juu zaidi ya mita 800, na njia inapanda kuelekea Mweka kabla ya kugeuka. Watu hudhani mteremko utawarudishia muda walioupoteza kwenye mlima. Haurudishi wote: wakati wa kushuka misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki, na ukifika chini imeshachoka. Muda wa Moshi ulinganishe na muda wa Moshi wa mwaka jana. Kuulinganisha na wa Dar ni kujitafutia huzuni ya bure.

Kosa la pili ni kuzidisha mara mbili. Aliyekimbia nusu kwa saa 2 hamalizi marathoni kwa saa 4. Kanuni ya Riegel ya kukadiria muda wa mbio ndefu, ambayo makocha wengi huitumia, inazidisha muda wa nusu kwa takriban 2.085, kwa hiyo saa 2 zinakuwa saa 4 na dakika 10. Hiyo nayo ni kwa mtu aliyefanya mazoezi marefu ya kilometa 28 hadi 32. Asiyeyafanya aongeze tena.

Halafu kuna saa yenyewe. Saa 4 za marathoni ni kasi ya dakika 5:41 kwa kilometa, ukigawa kwa kilometa 42.195. Lakini siku ya mbio karibu kila mtu hukimbia zaidi ya umbali huo. Unawapita watu kwa pembeni, unakata kona kwa nje, unakwenda kwenye meza ya maji upande wa pili wa barabara. Saa ya GPS mara nyingi husoma 42.5 au 42.6 kwenye mstari wa mwisho. Ukishikilia 5:41 kwa kilometa 42.6 unamaliza kwa 4:02, unanuna, na hujui ulikosea wapi. Lenga 5:38. Na ukiangalia matokeo, soma muda wa chipu, unaoanza kuhesabiwa unapovuka mstari wa kuanzia, usisome ule unaohesabiwa tangu bunduki ilipolia. Aliyeanzia nyuma ya umati anaweza kupoteza dakika kadhaa kabla hajagusa mstari wa kuanzia.

Baada ya mbio jipe saa 48 bila uamuzi wowote. Usijiandikishe kwingine, usifute programu ya mazoezi, usiandike maneno makali kwenye kundi la WhatsApp. Kisha chukua karatasi, andika muda wa kila kilometa 5. Kama 5 za kwanza ndizo zilizokuwa za haraka kuliko zote na ukaporomoka baada ya 30, ulianza kwa pupa au hukula njiani. Mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na mazoezi ya kuzila hufanyika nyumbani, si siku ya mbio. Kama mapigo ya moyo yalikuwa juu tangu kilometa ya 2, angalia joto, usingizi na homa ya wiki ile. Na kama kasi ilikuwa sawa mwanzo hadi mwisho, ila ni ya chini kuliko ulivyotaka, basi hiyo ndiyo hali yako kwa sasa. Haifurahishi, lakini ni taarifa nzuri kuliko zote, maana sasa unajua pa kuanzia.

Ushindani wenyewe hauna ubaya. Ubaya ni kushindana kila Jumamosi. Mazoezi marefu ya klabu yanaanza taratibu, mtu mmoja anachomoka, wengine wanamfuata, na kilometa ya 8 watu hawawezi tena kuongea. Mazoezi mepesi ni yale ambayo unaweza kusimulia jambo kwa sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa, punguza, hata wakikuacha. Hasira za kushindana zitunzie mbio zenyewe na ile siku moja ya kasi katikati ya wiki. Mpinzani mchague vizuri pia: rika lako, mwenye kazi kama wewe, anayemaliza dakika 2 au 3 mbele yako. Kijana wa miaka 22 anayeongoza kwenye Strava, ile programu ya kurekodi mbio, hakuhusu.

Tuwe wakali hapa: usimeze dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni ili umalize. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mwili uliopungukiwa maji tayari umeshaibana figo hiyo hiyo. Watu humtaja Mtanzania John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bendeji. Akhwari alivaa jezi ya taifa. Wewe Jumatatu una kazi. Maumivu yakikufanya uchechemee, ukihisi kizunguzungu au kifua kubana, simama, mwite mtu wa huduma ya kwanza.

Mbio za kulipiza kisasi, zile za wiki tatu baadaye, ndizo zinazojaza watu kwa wataalamu wa viungo. Baada ya marathoni tembea tu siku kadhaa, wiki ya pili kimbia mepesi, na marathoni nyingine iache miezi 3 au 4 mbele. Baada ya nusu, wiki moja nyepesi inatosha, kisha subiri wiki 4 hadi 6.

Linabaki swali la nyumbani na ofisini: "Umekuwa wa ngapi?" Usianze kueleza mlima wa Mweka. Taja namba yako, hata kama ni ya elfu moja na ushee, halafu sema wa kwanza alikuwa nani. Mazungumzo yatahamia kwake, nawe utakunywa chai yako.