Matamko ni sehemu ndogo tu

Umeuliza mashirika ya kutetea wanahabari yanafanya nini zaidi ya kutoa matamko. Mengi, ila hayaonekani. Mwandishi akikamatwa, saa za mwanzo ndizo za hatari kubwa: hapo ndipo anatafutiwa wakili na jina lake linatangazwa, ili waliomshika wajue kuna watu wanafuatilia. Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari (CPJ), iliyoanzishwa jijini New York mwaka 1981, hutoa pia fedha za dharura za matibabu, za mawakili, hata za kumhamisha mtu aliyetishiwa kuuawa.

Lakini kazi ninayoithamini kuliko zote ni ya kumbukumbu. CPJ wana orodha ya wanahabari waliouawa tangu 1992, pamoja na wanaoshukiwa kuwaua na mazingira ya kila kifo. Wauaji wengi hawajawahi kufikishwa mahakamani, na bila rekodi hiyo wangesubiri tu watu wasahau.

Wanahabari Wasio na Mipaka (RSF) wao hupanga nchi 180 kila mwaka kwa uhuru wa habari. Serikali hulalamikia nafasi zao, ila waandishi wa nchi husika hupata pa kushikilia wanapodai sheria kandamizi zifutwe.