Chungwa Lipewe Ukuta wa Kupitia

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza iwapo rangi ya chungwa iliyokolea inafaa kupakwa ndani ya nyumba, au iishie kwenye mito ya kochi na mapazia. Kwa maoni yangu inafaa, ila isipakwe kwenye ukuta ambao mtu huutazama akiwa ameketi. Nilianza kwa kukosea hapo hapo.

Tunaishi South B, ghorofa ya tatu, na dirisha la sebule yetu limetazamana na jengo la jirani. Julai ya mwaka juzi, katika majuma yale ambayo mawingu hugandama juu ya Nairobi hadi mchana, nilichoshwa na kuta za krimu, nikanunua mkebe wa rangi ya chungwa wa lita 4 na kumwita fundi aupake ukuta ulio nyuma ya televisheni. Fundi alinitahadharisha kwamba chungwa halifuniki vizuri, akapendekeza aanze na mkono mmoja, yaani tabaka moja, wa kijivu hafifu. Nilidhani ananiongezea gharama, nikakataa. Mkono wa kwanza ulikauka ukiwa na michirizi ya rola, mithili ya juisi iliyomwagika ukutani. Wa pili ukaacha mabaka. Na tulipofika wa nne, mkebe uliisha kabla ya kona ya mwisho. Rangi nyingi za jamii ya njano na chungwa hupitisha mwanga, hivyo kilichomo chini yake huendelea kuchungulia.

Jioni ndipo kasoro yenyewe ilipojitokeza. Ukuta uliirusha rangi yake darini na nyusoni mwetu, na kochi letu la buluu, ambalo awali halikumsumbua mtu, likaanza kupiga kelele, kwa kuwa buluu na chungwa zikikabiliana kila moja huikoleza nyenzake. Nilibadilisha balbu: ile nyeupe ya kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga) iliuchujua ukuta, ya 2700 ikauzamisha katika wekundu. Wageni nao, ambao hawajaisahau kura ya maoni ya katiba ya 2005 iliyotugawa Wakenya kati ya ndizi, alama ya Ndiyo, na chungwa, alama ya Hapana, waliuliza kila mara sisi ni wa chama gani.

Mwaka jana tuliurudisha ukuta ule kwenye krimu, chungwa likahamia kwenye korido isiyo na dirisha, inayotoka mlangoni hadi vyumba vya kulala. Safari hii nilimsikiliza fundi: kijivu kwanza, kisha mikono miwili tu ya chungwa, dari ikabaki nyeupe. Hapo mtu hupita kwa sekunde chache, jicho halipati muda wa kuchoka, na ile tabia ya ukuta kumwaga rangi yake kila mahali, iliyotuudhi sebuleni, ndiyo inayolipa giza la korido uchangamfu.

Wanaoishi katika nyumba kuukuu wazingatie jambo moja: rangi nyingi za mafuta za zamani za njano na chungwa zilitengenezwa kwa kromati ya risasi, kemikali ambayo vumbi lake ni sumu, hivyo ukuta wa aina hiyo usikwanguliwe kwa msasa mkavu, hasa penye watoto.

Rangi iliyobaki nimeihifadhi katika chupa ya jemu, maana mwanangu hupitisha baiskeli yake koridoni, na kwenye chungwa kila mkwaruzo huonekana.

Msomaji, South B