Anko, nyota wangu kavunja sheria wiki ya mechi ya watani

Swali: Shikamoo Anko. Bado nacheza NCAA Football ya zamani ya PlayStation 2, gemu la mpira wa Kimarekani wa vyuo, kwenye Dynasty, pale unapoongoza timu ya chuo msimu baada ya msimu. Wiki hii tunakutana na watani wetu wa jadi, na nimeletewa taarifa kwamba mkimbiaji wangu tegemeo anatoroka darasani. Naambiwa nichague adhabu. Kaka yangu anasema nipotezee, nishinde kwanza. Wewe ungefanyaje? – *Kocha njia panda*

Jibu: Marahaba, kocha. Mfungie mechi nzima, hiyo hiyo ya watani.

Kaka yako anaitazama Jumamosi moja tu ya mechi. Matoleo yale ya katikati ya miaka ya 2000 yalikupa alama za nidhamu za kutumia kwa msimu, na adhabu inavyokuwa kali ndivyo inavyozila. Hazitoshi kumwadhibu kila mkosaji, kwa hiyo unalazimika kupima nani anastahili nini. Ukizoea kufumba macho, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inakufikia. Unaweza kuzuiwa kuonyeshwa kwenye televisheni, kukosa mechi za heshima za mwisho wa msimu, au kupunguziwa nafasi za ufadhili wa masomo. Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, maana huisikii mwaka huo. Unaisikia baadaye, walinzi wako wa mstari wa mbele wanapohitimu wote kwa pamoja na nyuma yao hakuna mtu.

Naipenda sana sehemu hii ya gemu, na nitakwambia kwa nini. Kufunga pointi kila mtu anaweza. Lakini ile skrini ya adhabu inakuuliza wewe ni kocha wa namna gani, na inakuuliza wiki ambayo hutaki kuulizwa.

Tena haya si mambo ya kubuni tu. Desemba 2010, wachezaji 5 wa chuo cha Ohio State waliadhibiwa kwa kuuza pete na jezi zao na kupokea huduma ya kuchorwa tatuu, mambo yaliyokatazwa wakati ule. Walifungiwa mechi 5, ila kuanzia msimu wa 2011. Kwa hiyo Januari walishuka uwanjani kwenye Sugar Bowl, mojawapo ya zile mechi za heshima, na kuifunga Arkansas 31–26. Si ndiyo ushauri wa kaka yako huo? Baadaye ikabainika kwamba kocha Jim Tressel alikuwa na habari za mambo yale tangu Aprili 2010 na akanyamaza. Mei 2011 akajiuzulu. Ushindi wa msimu ule, pamoja na ule wa Sugar Bowl, ukafutwa. Halafu mwaka 2012, chini ya kocha mwingine, Ohio State ikashinda mechi zote 12 na haikuruhusiwa kucheza mechi ya heshima hata moja. Vijana walioshinda zile 12, wengi wao hawakuhusika kabisa. Wafikirie hao unapobonyeza kitufe.

Swali: Je, ni kweli kuna chuo kiliwahi kunyimwa msimu mzima? – *Msomaji wa kimya*

Jibu: Ni kweli. Southern Methodist, huko Dallas, mwaka 1987. Wachezaji walikuwa wakilipwa kwa siri, na malipo yaliendelea hata baada ya chuo kuadhibiwa. NCAA ikafuta msimu wote wa 1987, na chuo chenyewe kikaacha kucheza 1988. Hakikurudi kwenye mechi ya heshima hadi Desemba 2009.

Swali: Anko, nimenunua EA Sports College Football 25 nikitafuta ile sehemu ya nidhamu, haipo. Wameitoa kwa nini? – *Mwanafunzi wa zamani*

Jibu: Sababu ya kutoirudisha naisoma kwenye majina. Katika gemu za zamani wachezaji hawakuwa na majina, lakini namba ya jezi, urefu, uzito na rangi ya ngozi vilikuwa vya vijana halisi, na vijana wenyewe hawakulipwa hata senti. Mwaka 2009 Ed O'Bannon, aliyechezea mpira wa kikapu chuo cha UCLA, na Sam Keller, kotabeki (mrusha pasi) wa zamani, walifungua kesi dhidi ya NCAA na EA, watengenezaji wa gemu. Gemu likasimama baada ya NCAA Football 14 ya mwaka 2013. Liliporudi Julai 2024 kama hiyo College Football 25, kila mchezaji aliyekubali kuwemo alilipwa dola 600 na kupewa nakala. Sasa jina ni lake na sura ni yake. Kompyuta imzulie kijana wa kweli kwamba ameibia mtihani? Hapana. Hapo nawaunga mkono watengenezaji kwa moyo wote.

Ila kuna jambo wameliacha mezani. Ukicheza Dynasty misimu mitano hivi, wachezaji halisi wote wanakuwa wamehitimu, na kikosi chako kinabaki cha vijana waliobuniwa na kompyuta. Kwa hao nidhamu ingerudi bila kumchafulia mtu jina. Na irudi ikiwa safi zaidi: kutoroka darasa, kukosa mazoezi, kumpiga mwenzako. Suala la kupokea pesa liondolewe kabisa. Tangu Julai 2021 mwanafunzi anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na mimi sikuwahi kuona haki kwamba uwanja unajaa watu, kocha anavuna mamilioni, halafu anayevunjika goti aitwe mhalifu kwa kuuza jezi yake.

Kwa sasa, kama mnacheza Dynasty ya mtandaoni (inachukua hadi watu 32), wekeni sheria zenu kabla msimu haujaanza na mchague mmoja wa kuzisimamia. Kwa mfano, mchezaji aliyebuniwa akiadhibiwa na mwamuzi kwa kucheza rafu, mwenye timu amshushe mwenyewe kwenye orodha ya kikosi, akose mechi inayofuata. Na msimamizi asiwe yule anayeongoza msimamo.