Uzi mpya, sauti bubu: nani wa kulaumiwa?

SWALI: Ndugu Mshauri, huu ni mwaka wangu wa tisa nikipiga gitaa la besi la nyuzi nne. Katika seti tatu za nyuzi nilizonunua karibuni, mbili zimekuwa na uzi mmoja mbovu. Mara ya kwanza ulikuwa uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ambao ulilia kwa kishindo kizito na kunyamaza mapema, huku nyuzi nyingine zikiendelea kuvuma. Safari hii ni uzi wa A: ukipigwa wazi, yaani bila kubonyezwa, unakubaliana na tyuna, kifaa cha kupimia sauti, lakini nikibonyeza freti ya 12, yaani kijiti cha chuma cha 12 kilicholazwa kwenye shingo, sauti inapanda kupita kiasi, na nimesogeza kitako chake cha darajani, pale uzi unapokalia, hadi mwisho bila mafanikio. Muuzaji anasema nyuzi zilizo ndani ya pakiti iliyofungwa haziwezi kuwa mbovu, na mpigabesi mwenzangu anasema kosa ni langu katika kuzifunga. Je, inawezekana nyuzi zikatoka kiwandani na kasoro, na nitawezaje kuthibitisha kwamba tatizo si mimi wala gitaa langu?
Mpigabesi Aliyechoka

JIBU: Ndugu Mpigabesi, inawezekana kabisa, na muuzaji wako amekosea. Pakiti iliyofungwa vizuri hukinga nyuzi dhidi ya unyevu na kutu, lakini haiwezi kurekebisha kilichoharibika kwenye mashine kabla uzi haujaingizwa humo. Hata hivyo, nakuomba usimpuuze mwenzako, kwa sababu seti mbili kati ya tatu ni nyingi mno, na kabla ya kuilaumu bahati yako ni lazima tuchunguze pia mikono yako.

Uzi wa besi si waya mmoja. Katikati kuna waya wa chuma kigumu, ambao nitauita kiini, na juu yake huzungushwa waya mwingine, mara nyingi wa chuma kilichopakwa nikeli au cha pua kisichoshika kutu. Katika nyuzi nene tabaka hizo za juu huwa mbili au zaidi. Kwenye seti iliyozoeleka zaidi, uzi wa G una unene wa takriban milimita 1.14 na uzi wa E takriban milimita 2.67, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni waya uliozungushwa. Ili uzi wa E utikisike mara 41 kwa sekunde bila kusuasua, waya huo lazima ukibane kiini kwa nguvu ileile katika urefu wote wa sentimita 86 hivi, kutoka darajani hadi kwenye mifuo ya juu ya shingo. Ukilegea mahali pamoja tu, tabaka zinasuguana pale na kumeza nguvu ambayo ingekuwa sauti, na hivyo ndivyo uzi unavyokuwa bubu. Ukiwa na uzito usio sawa, upande mmoja mzito na mwingine mwepesi, uzi utalia lakini utadanganya: ukipigwa wazi uko sawa, ukibonyezwa katikati hauko sawa. Kwa hiyo kasoro zako mbili hazifanani, ingawa zote zinaweza kuanzia kiwandani.

Malalamiko haya si mapya. Katika miaka ya 1960 John Entwistle, mpigabesi wa The Who ya Uingereza, hakuridhika na jinsi nyuzi nene za wakati ule zilivyotikisika, akaipelekea shida yake kampuni ya Rotosound ya hukohuko Uingereza, wakashirikiana naye hadi zikapatikana nyuzi zilizolia alivyotaka. Namtaja kwa sababu wapigabesi wengi huona haya kulalamika, kana kwamba sikio lao ndilo lenye ila.

Sasa tuje kwenye ufungaji, maana makosa matatu ya kawaida huzaa dalili zilezile ulizozieleza. La kwanza ni kukata uzi kabla ya kuukunja. Nyuzi nyingi zina kiini chenye pembe sita, ambazo hung'ata waya wa juu na kuushika, lakini kama kiini ni cha duara, kinachozuia waya usifunguke ni ncha zake mbili peke yake. Ukikata ncha moja ukiwa umenyooka, waya unaweza kuanza kulegea papo hapo, kimyakimya, na uzi mzuri ukageuka bubu mikononi mwako. Kunja kwanza pembe kali mahali utakapoingia kwenye kigingi, kisha ndipo ukate mbele ya mkunjo huo. La pili ni kusokota. Uzi mnene ukizungushwa kwenye kigingi huku mwili wake umejisokota, unabaki na msokoto ndani yake na kutikisika vibaya. Ulegeze, utoe kwenye kigingi, uache uning'inie huru hadi ujinyooshe wenyewe, ndipo uurudishe. La tatu linahusu uzi wako wa A moja kwa moja: uzi mpya ni mkaidi, haukubali kupinda pale unapokalia daraja, bali hupanda kidogo kama upinde kabla ya kushuka kuelekea pikapu, kile kifaa chenye sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi. Urefu unaotikisika unakuwa hauna mwanzo unaoeleweka, na freti ya 12 inakosa ukweli. Uzi ukiwa umekazwa, ubonyeze kwa kidole gumba mbele kidogo ya kitako chake, taratibu, hadi upinde. Fanya vivyo hivyo karibu na mifuo ya juu ya shingo. Kisha kaza upya na upime tena. Nimeona nyuzi zilizokwisha kuhukumiwa zikiponywa na kidole gumba.

Ukimaliza hayo na hali ikabaki ileile, lichunguze gitaa. Pikapu iliyoinuliwa karibu mno na nyuzi huuvuta uzi kwa sumaku yake na kuufanya utoe sauti inayoyumba, hasa unapobonyeza freti za juu. Ishushe milimita 2 au 3 usikilize. Besi nyingi pia zina mahali pafu kwenye shingo, mara nyingi kwenye uzi wa G kati ya freti ya 5 na ya 7, ambapo noti moja hufa haraka kwa sababu mbao yenyewe inaimeza. Lakini tatizo hilo hugusa noti moja au mbili na hubaki palepale hata ukibadilisha seti. Wewe umeeleza uzi mzima, tena uzi tofauti kila mara, kwa hiyo shingo yako naiachilia huru.

Kinachobaki ni kuukagua uzi wenyewe, na hapa nitakusimulia lililonipata. Nilifunga seti mpya usiku wa kuamkia kurekodi, na uzi wa E ukawa bubu. Nilikuwa nimeukunja kabla ya kuukata, nikausokotoa, nikaubonyeza darajani, na bado ukatoa sauti kama ya kugonga sanduku. Nikaweka karatasi nyeusi nyuma ya nyuzi, nikaelekeza taa ya mezani pembeni, nikaupiga uzi wa A kisha wa E. Uzi wa A ulichora umbo la jani refu, pana katikati na jembamba kwenye ncha, ambalo lilisinyaa polepole bila kuvunjika. Wa E ulianza na jani hilo, lakini baada ya sekunde moja kingo zake zikaanza kutetemeka na mstari wa pili ukapita katikati yake. Nikapitisha ukucha kutoka darajani kupanda juu, nikisikiliza mkwaruzo wake: ulikuwa wa mfululizo, sawasawa, hadi karibu na freti ya 3, ambapo ukucha uliteleza kwenye mwanya mdogo kuliko unene wa karatasi mbili. Nilipoutoa uzi na kuushika pande zote mbili za pale, waya wa juu ulizunguka kwenye kiini kama pete iliyolegea kidoleni. Hapo sikuhitaji ushauri wa mtu.

Fanya uchunguzi huohuo, na kwa uzi wa A ongeza mmoja: gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upate ile sauti nyembamba kama ya kengele, kisha gusa hivyohivyo juu ya freti ya 7 na ya 5. Uzi mzima hutoa kengele safi mahali pote hapo. Wenye uzito usio sawa hutoa kengele iliyofifia, au sauti mbili zinazogombana na kuyumbayumba ndani ya noti moja. Ushahidi ulio mzito kuliko wote, hata hivyo, ni kubadilisha uzi huo peke yake. Kama uzi mwingine wa unene uleule, uliofungwa kwa mikono ileile kwenye gitaa lilelile, unalia vizuri, basi si wewe wala si gitaa.

Ukishathibitisha, dai haki yako bila woga. Usiutupe uzi mbovu hata kama umeukata, na weka pakiti yake, kwa kuwa huenda ina namba ya toleo inayomwezesha mtengenezaji kujua ulitoka kwenye kundi gani. Tunza risiti, na rekodi sauti fupi: noti ya uzi wa jirani, kisha ya uzi mbovu, zikiachwa zivume hadi zinyamaze. Muuzaji akikukatalia, mwandikie mtengenezaji mwenyewe. Kwa uzoefu wangu, malalamiko yenye rekodi na namba ya toleo husikilizwa, na yanayosema tu kwamba nyuzi ni mbaya hupewa majibu ya adabu yasiyo na msaada. Chunguza pia kama seti zako mbili mbovu zilitoka mahali pamoja. Nyuzi bandia zipo, zimefungwa kwenye pakiti zinazofanana sana na za kampuni maarufu, na maandishi yaliyofifia au uzi ambao unene wake haulingani na uliotajwa kwenye pakiti ni sababu ya kutosha ya kutonunua tena hapo.

SWALI: Ndugu Mshauri, nimeambiwa kwamba uzi mpya usiolia vizuri hufufuka ukichemshwa ndani ya maji. Je, nifanye hivyo?
Msomaji wa Siku Nyingi

JIBU: Ndugu Msomaji, hapana. Kuchemsha au kuloweka kwenye spiriti husaidia uzi uliotumika, kwa sababu huondoa mafuta ya ngozi na uchafu uliojibana kati ya mizunguko ya waya. Uzi mpya hauna uchafu wa kuondolewa, na waya uliolegea kwenye kiini haukazwi na maji ya moto. Utakachopata ni uzi uleule bubu, na pengine kutu ndani yake usipokauka sawasawa. Tena uzi uliochemshwa utakuwa mgumu kuudai, kwani mtengenezaji ana haki ya kusema umeuharibu mwenyewe.

SWALI: Mshauri, uzi mmoja ukiwa mbovu, je, ninunue seti nyingine nzima au uzi huo peke yake?
Mwanafunzi wa Besi

JIBU: Mwanafunzi, nunua uzi mmoja, mradi uwe wa kampuni ileile, wa unene uleule na wa chuma kilekile. Kila uzi wa seti ya kawaida huvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 18, nyingine zikizidi na nyingine zikipungua kidogo, na shingo imerekebishwa kuubeba mzigo huo kwa jumla, kwa hiyo uzi wa unene tofauti utabadilisha hisia za mkono wako na huenda ukavuruga marekebisho. Kama nyuzi nyingine zimekwisha kupigwa kwa wiki kadhaa, huo mpya utang'aa kuliko wenzake kwa siku chache, kisha utatulia. Na zile nyuzi za zamani ulizozitoa usizitupe siku hiyohiyo. Zikunje kwa duara pana, uziweke kando hadi seti mpya ipite siku mbili au tatu za kupigwa kwa nguvu, kwa sababu uzi wa E uliochakaa lakini mzima utakufikisha mwisho wa onyesho, na huo mbovu hautakufikisha.