Yoga Jambiani wakati wa masika: uliza paa kabla ya bei

Swali

Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa yoga, Dar es Salaam. Nataka kuwaleta watu 12 Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa siku tano, kuanzia Alhamisi tarehe 22 hadi Jumatatu tarehe 26 Aprili 2027. Nimechagua tarehe hizo kwa sababu sikukuu ya Muungano inaangukia Jumatatu, kwa hiyo watu hawatakuwa na siku nyingi za kuomba ruhusa kazini. Tisa ni Watanzania, watatu wanatoka Ujerumani, na mmoja wa hao Wajerumani atanisaidia kufundisha. Hoteli imenipa nusu ya bei ya Agosti. Rafiki zangu wanasema nimerukwa na akili, Aprili ni mvua tupu. Niahirishe? Na nisipoahirisha, nitapangaje ratiba na sijui mvua itanyesha saa ngapi?

Jibu

Waalaykum salaam, dada. Kuhusu mvua rafiki zako wamesema kweli. Aprili ndiyo kilele cha masika, na mwezi huo peke yake Unguja huweza kupata zaidi ya milimita 300. Kungekuwa na nafasi ya kuchagua, ningekwambia uje katikati ya Juni: mvua imekatika, kipupwe kimeingia, miti bado imekolea kijani na bei hazijapanda za Julai. Lakini Muungano hauhamishiki, na nusu bei ni nusu bei. Usiahirishe. Nimewapangia wageni mapumziko ya namna hii pwani ya mashariki misimu kadhaa sasa, na masika yalinifedhehesha mara moja tu. Mara hiyo ndiyo iliyonifundisha kitu cha kwanza cha kuiuliza hoteli.

Lilikuwa banda zuri sana kwenye picha. Makuti mapya, boriti za mikoko, wazi pande zote, bahari mbele. Siku ya pili mvua ikaja, na paa halikuvuja hata tone. Maji yaliingia ubavuni, yakisukumwa na upepo, na mikeka 14 ikalowa kabla hatujawahi kuikunja. Mazoezi ya pumzi tukayafanyia kwenye mkahawa, katikati ya meza, na jikoni wanakaanga vitunguu. Hebu fikiria kuvuta pumzi ndefu hapo.

Mwezi wa Aprili kaskazi imeshaondoka na kusi ndiyo inaingia. Upepo huu unatoka kusini na kusini-mashariki, na Jambiani imeupa uso. Kwa hiyo usiulize tu kama paa linavuja. Uliza upande wa kusini na wa mashariki umezibwa na nini: kuna mapazia ya turubai yanayofungwa chini, au yananing'inia tu yakipepea kama tanga? Upenu umetoka nje ya sakafu kiasi gani? Sakafu imeinuliwa, au maji ya mchirizi yanarudi ndani?

Kisha piga hesabu ya nafasi. Mkeka wa kawaida ni sentimita 61 kwa 183, na mtu anayenyoosha mikono anahitaji kama mita mbili za mraba. Banda la mita 6 kwa 8 linakupa mita 48 za mraba, unaliona kama uwanja. Mvua ya upepo ikija, ondoa mita moja kila upande. Zinabaki 4 kwa 6, yaani 24. Watu wako 12 wanaenea barabara, wewe mwalimu huna pa kusimama. Basi ama upate banda kubwa zaidi ya hilo, ama hoteli ikuandikie kwenye mkataba chumba cha akiba chenye kuta, ambacho hakitumiki kwa chakula.

Na ukipewa ukumbi wa mabati, kataa kwa adabu. Mvua ya masika juu ya bati haikupi nafasi ya kusema "vuta pumzi", utabaki kupiga kelele. Makuti yanaimeza sauti ya mvua, na hiyo mvua ya mbali juu ya makuti ni burudani ambayo wageni wa Agosti hawaipati kwa bei yoyote. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa nayo uiogope. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, sakafu ile hutoka jasho na kuteleza hata siku ambayo tone halijaanguka. Mbao ni bora.

Omba video ya banda iliyopigwa mvua inanyesha. Picha hazina maana. Na iwe ya Aprili au Mei: ya Novemba haitoshi, kwa sababu mvua ya vuli haiji na kusi, utaliona banda limekauka na ukadanganyika.

Sasa ratiba. Unasema hujui mvua itanyesha saa ngapi. Hata Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo utabiri wake wa kila siku nakushauri uufuate, haitakwambia leo tarehe 23 Aprili saa tisa kutakuwaje. Lakini yapo mambo unayoyajua tangu sasa, na ratiba ifungwe kwenye hayo. Jua litachomoza karibu saa 12 na dakika 20 asubuhi, na litazama muda kama huo jioni. Adhana unazijua. Na bahari unaijua kuliko vyote: mwezi utakuwa mpevu usiku wa kuamkia tarehe 21, kwa hiyo mtafika wakati wa bamvu, yaani maji kujaa sana na kupwa sana. Alhamisi na Ijumaa maji yatakupwa sana, baina ya saa nne na saa sita mchana, na ufuko wa Jambiani utakuwa uwanja mweupe mpaka kwenye mwamba. Mgeni aliyevaa nguo ya kuogelea saa tano atakuuliza bahari imekwenda wapi. Kila siku saa ya maji kupwa huchelewa kwa dakika 40 hadi saa nzima hivi, na kufikia Jumatatu yatakuwa yanakupwa baada ya adhuhuri. Jedwali la maji litakupa saa kamili.

Basi kuogelea kwa Alhamisi na Ijumaa kuweke alasiri, maji yakijaa. Saa za maji kupwa wapeleke wakatembee, nao wavae viatu vya mpira kwa sababu ya miiba ya baharini. Wakati huo wa bamvu ndio kina mama wanaposhuka kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza pwani hii mwaka 1989. Zungumza nao siku moja kabla, na wageni wasiwapige picha bila ruhusa.

Yaliyobaki yote yafanye vipande vya kuhamishika, vya saa moja na nusu kila kimoja, visivyo na saa maalumu: kuchuliwa, mazoezi ya pumzi, darasa la singo (kujisugua mwili kwa maua na viungo), kulala. Asubuhi unatazama mbingu kisha unapanga. Waambie wageni kabla hawajalipa kwamba ratiba itaandikwa ubaoni kila asubuhi. Anayetaka ratiba iliyochapishwa na kupigwa lamineti aje Agosti.

Darasa la singo nalisisitiza. Ni kazi ya ndani inayofaa siku ya mvua ya kutwa: mwanamke anayejua kupamba maharusi anawafundisha kutwanga na kuchanganya maua na viungo, wanajisugua, wanajifukiza udi. Mjerumani wako hatalipata hilo huko Bali, Indonesia. Msitu wa Jozani pia unafaa kati ya mvua na mvua, kwenda kuwatazama kima punju, ila mbeba mkoba asisahau koti la mvua.

Mwili nao uufikirie. Unyevu ukiwa juu, jasho halikauki, na jasho lisilokauka halimpoozi mtu. Mfululizo wa kasi ulioufanya Dar kwenye chumba chenye kiyoyozi utawaangusha hapa. Darasa zito liwe alfajiri, la jioni liwe la taratibu, na kila mtu aje na taulo ya pamba ya kutandika juu ya mkeka. Kanga ni nzuri kwa kujifunika mwishoni, lakini ukiitandika utateleza. Mikeka isikunjwe ikiwa mbichi. Ining'inizwe ndani penye feni, la sivyo siku ya tatu inaanza kunuka na ya tano ina kuvu. Vyandarua viwe kila kitanda.

Hoteli nyingi za mashariki hufunga Aprili na Mei kwa matengenezo. Yako haijafunga, sawa. Je, ya jirani? Nyundo na msumeno wa fundi ukutani mwa jirani utakuharibia ukimya kuliko radi. Uliza pia jenereta inawasha nini: pampu na friji tu, au na feni za vyumbani? Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa kebo ya chini ya bahari, na waliokuwepo mwaka 2008, kisiwa kilipokaa gizani kama mwezi mzima, hawaachi kuuliza swali hilo.

Chakula kisitegemee samaki. Bahari ikichafuka wavuvi hawatoki, na mpishi asiyejiandaa atakupa visingizio. Mbaazi za nazi, choroko, mihogo, chai ya mchaichai na tangawizi. Chakula cha moto, na maji ya kunywa ya chupa au yaliyochemshwa, kwa sababu mvua kubwa huchafua visima.

Boti kutoka Dar hutumia kama saa mbili, lakini kusi ikivuma wengine watatapika njia nzima. Wafike Alhamisi mchana, darasa la kwanza liwe jioni na liwe jepesi. Pemba, kama uliifikiria, iache kwa mwaka mwingine: mvua zaidi, vilima, utelezi, na mkondo wa kuvuka.

Wajerumani wako watatu wanatakiwa kuwa na bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, iliyoanza Oktoba 2024. Bima ya kwao haichukui nafasi yake. Huyo atakayekusaidia kufundisha ni suala jingine. Viza ya utalii hairuhusu kazi, na kufundisha ni kazi hata kama unamlipa chakula na kitanda tu. Nenda Uhamiaji mapema ukaulize kibali kinachomfaa, au aje kama mgeni, atandike mkeka wake mstari wa nyuma, ufundishe wewe.

Malipo ya awali usiyatume mpaka hiyo video uione.