Lebo imefifia, mfumo umelala, fundi kaondoka

Kamwene wa Iringa, mugonile wa Mbeya na Rungwe. Barua zenu za biashara zimejaa, nimechukua nne tu na ndefu nimezipunguza, msinune.

Dada shikamoo. Nafungasha asali hapa Kihesa, chupa za nusu kilo. Mtoto wa dada yangu yuko chuo, akanitengenezea lebo kwa simu kwenye Canva, ile programu ya kubuni, ilipendeza jamani, dhahabu inang'aa na nyuki anaruka. Akanitumia WhatsApp, nami nikamrushia mtu wa stika, nikaprinti 2,000 kwa shilingi 150 moja. Zimekuja rangi ya matope, maandishi madogo hayasomeki na herufi ya kwanza ya jina la biashara imekatwa. Mtu wa stika anasema kosa la dogo, dogo anasema kosa la mtu wa stika. Nani anilipe?
*Mama wa asali, Kihesa*

Marahaba mnyalukolo, na pole kwa laki tatu. Kuhusu nani alipe, mtu wa stika alitakiwa akupe sampuli moja mkononi kabla hajaachia mashine, na wewe ulitakiwa uidai, kwa hiyo kaeni chini mgawane maumivu. Ila ngoja nikwambie kilichotokea, maana ni mambo matatu yamekupiga siku moja.

La kwanza ni rangi. Kioo cha simu kinawaka, kinakupa mwanga, ndo maana dhahabu iling'aa. Printa haina mwanga, ina wino, na wino wenyewe ni rangi nne tu zinachanganywa: samawati, majenta, njano na nyeusi. Ile dhahabu ya kuwaka haimo humo kabisa, ukiilazimisha inakuja njano iliyochoka kama uliyoiona. Wabunifu wanajua hilo wanapanga rangi za wino tangu mwanzo, lakini Canva ya bure haikupi hicho kipengele, ni ya kulipia. Sasa badala ya kulipia, chagua rangi ambayo haitegemei kung'aa. Asali yenyewe ina rangi nzuri na chupa yako inaonyesha ndani, we weka lebo ya krimu na maandishi ya kahawia iliyokolea halafu acha asali ifanye kazi ya dhahabu.

La pili ni WhatsApp. Ukituma kama picha inaibana ili isile bando, inatupa vitu vidogo vidogo, na maandishi madogo ndo yanaumia kwanza. We umerushiwa, ukarusha tena, na sitashangaa kama katikati kuna mtu alipiga skrinshoti. Mwambie dogo adaunlodi kama PDF ya kuprinti, halafu aitume kama dokyumenti, sio kama picha. Itakula bando zaidi kidogo, ila inafika vile ilivyotoka.

La tatu, ukingo. Kisu cha mashine hakikati pale pale kila mara, kinayumba milimita moja au mbili, ndo maana rangi ya nyuma inatakiwa ivuke mstari wa kukata kwa milimita 3 kila upande na maandishi yakae ndani kidogo. Jina lako lilikuwa limebanana na ukuta, kisu kikapita nalo.

Sasa kabla hujaprinti tena, fanya hivi, mimi nimeshafanya na achari yangu na iliniaibisha vizuri sana. Printi moja tu kwenye karatasi ya kawaida kwa saizi ile ile ya chupa, ikate kwa mkasi, ibandike kwa gundi, halafu peleka dukani kwa mtu mnayejuana uiweke kwenye shelfu katikati ya bidhaa za wengine. Rudi nyuma hatua tatu. Mwite mteja yeyote, mwambie hebu niambie hii ni nini na inauzwa na nani, halafu NYAMAZA. Mimi nilimpa mama mmoja pale soko kuu Iringa, akaigeuza ile chupa mara mbili akasema "hii ni dawa ya kuchua?" Kumbe jina la biashara nimeliandika kubwa kama bango na neno achari nimelificha chini kabisa. Kwenye simu sikuliona hilo miezi miwili.

Na kuna kitu hujaniuliza ila nimekiona kwenye picha uliyotuma. Dogo kaweka nembo ya TBS, lile shirika la viwango, na mistari ya barkodi kavitoa mtandaoni. Vitoe leo. Nembo ya TBS unaitumia ukiwa na leseni yao, na barkodi za hapa kwetu zinatolewa na GS1 Tanzania zinaanza na 620, hiyo yako inaanza na 50 maana yake ni bidhaa ya mtu Uingereza huko. Anzia SIDO Iringa, wale wa viwanda vidogo, waulize utaratibu wa mjasiriamali mdogo kwenda TBS. Na mtu akikwambia habari ya asali uende TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, huyo kapitwa, chakula kilihamia TBS mwaka 2019.

Halafu futa chupa ikauke kabisa kabla ya kubandika, na omba stika ya plastiki. Ile ya karatasi asali ikichuruzika tone moja tu inaloa na wino unavuja.

Habari Dada. Nina duka la pembejeo Uyole, vijana watatu. Nilinunua mfumo wa kompyuta wa mauzo na stoo, 650,000 pamoja na kufundishwa. Jamaa alikuja Jumamosi moja akawafundisha masaa mawili, wote wakasema wameelewa. Hiyo ilikuwa Novemba. Sasa hivi ni Februari, laptop imefunikwa kitambaa na wao wamerudi kwenye kaunta buku. Nimewafokea nimechoka. Ni uvivu au wananiibia?
*Baba Pembejeo, Uyole*

Ndaga baba kwa kuandika. Novemba! Yani mvua zinaanza, wakulima wamepanga foleni wanataka mbegu na mbolea ya DAP kabla ya jua kuwa kali, ndo ukaleta kitu kigeni kaunta? Hata mimi ningekifunika kitambaa.

Wizi siwezi kuusemea nikiwa huku. Uvivu ndo nakataa, maana hao vijana wako bila shaka wanauza mbolea ya ruzuku kwa mfumo, wanaingiza namba ya mkulima kwenye simu bila kulia lia, na hiyo ruzuku ilizinduliwa hapo hapo kwenu kwenye viwanja vya Nanenane 2022. Teknolojia sio shida yao. Ule wa ruzuku hauna mlango wa nyuma, bila namba ya mkulima huuzi. Wako una mlango wa nyuma mkubwa tu, unaitwa kaunta buku.

Nenda kakae kwenye gunia siku nzima, usiongee, hesabu. Shemeji yangu ana duka kama lako upande wa Mbozi, nilikaa pale asubuhi moja. Mteja anataka mbegu kilo mbili na dawa ya viwavi. Kijana anafungua ukurasa, mfumo unataka jina la mteja, namba ya simu, aina ya malipo, ndo umruhusu kutafuta bidhaa, na bidhaa yenyewe mtu wa mfumo aliisajili kwa jina refu la kwenye boksi wakati pale dukani kila mtu anaiita kwa jina la mtaani. Anaandika, haiji. Anaandika tena. Mteja anaangalia nje. Kijana akachukua kalamu. Sekunde kumi kamaliza. Sasa hapo nani mjinga, kijana au mfumo?

Kwa hiyo muite huyo jamaa, hela yake kala, aje aondoe vile visanduku vya lazima visivyo na kazi na aweke majina mnayoyatumia nyie. Usianze na bidhaa mia nne, anza na zile 15 zinazotoka kila siku, nyingine ziendelee kwenye daftari mpaka watoto wazoee.

Kuhusu kufundisha, masaa mawili Jumamosi ni maonyesho. Marekani kwenye vita kuu ya pili viwanda viliingiza wafanyakazi wapya wengi kwa haraka, wakaweka utaratibu wa hatua nne na mpaka leo sijaona unaoushinda: unamuandaa mtu na kujua anachokijua tayari, unamuonyesha, unamuacha afanye mwenyewe huku anakueleza kwa nini anafanya, halafu unarudi kumuangalia siku zinazofuata. Wako aliishia ya pili. Chukua kijana mmoja, yule anayependa simu, afundishwe wiki nzima mvua zikipungua na wateja wamekuwa wachache, ndo awafundishe wenzake. Na ukimuuliza "umeelewa?" atakujibu ndiyo bosi, we ni bosi wake atajibu nini? Mwambie niuzie mimi.

Ile kaunta buku usiitupe, umeme wa Uyole unaujua mwenyewe. Ila jioni zile za daftari ziingizwe kabla ya kufunga, na aingize yule yule aliyeuza.

Nashona sare za shule Makambako. Kila nikimfundisha kijana kukata anaondoka anafungua yake mtaa wa pili. Nisifundishe?
*Fundi mwenye hasira*

Fundisha, ataondoka tu hata usipomfundisha, tofauti ni kwamba usipomfundisha anakuharibia vitambaa kwanza. Kinachokuumiza sio yeye kuondoka, ni kwamba anaondoka na vipimo vyote kichwani. Kata patani za boksi gumu kwa kila saizi na kila shule, andika juu yake, toboa tundu, tundika msumarini ukutani. Anayekuja Jumatatu anaanza kazi Jumatatu. Na waliokaa na wewe miaka bila cheti waambie waulize chuo cha ufundi cha VETA cha karibu kuhusu kupimwa ujuzi waliojifunzia kazini, wanapewa cheti bila kuanza chuo upya. Kijana akiona umemjali hivyo wakati mwingine anabaki. Wakati mwingine.

Niko Tunduma nauza vyombo vya jumla. Ninahitaji tovuti au WhatsApp inatosha?

WhatsApp Business inatosha sana kwa sasa, programu ni bure na katalogi yake inabeba bidhaa mpaka 500. Piga picha mchana nje ya duka, sio chini ya ile taa ya bluu, weka sufuria pembeni ya kitu mtu anachokijua ukubwa wake. Na andika bei, kaka. Hiyo "bei njoo inbox" inamfanya mteja aulize duka la jirani.