Maswali na majibu: Je, baiskeli nyepesi itaniongezea kasi katika mbio za milimani?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Nakuru, nina umri wa miaka 27 na uzito wa kilo 66. Mwaka huu nimeshiriki mashindano mawili ya baiskeli za milimani, yale ya kuzunguka njia moja mara kadhaa, na mara zote mbili nilimaliza karibu na mkia. Kwenye miinuko ninakwenda sawa na wenzangu, ila wananiacha mwanzoni kabisa na kwenye miteremko yenye kona. Kila jioni baada ya kazi huendesha kilomita 20 zilezile kwa nguvu zangu zote, lakini muda wangu haujapungua kwa miezi mitatu sasa. Baiskeli yangu ina kilo 14. Je, nikinunua ya kilo 12 nitaongeza kasi?

JIBU: Utaongeza kidogo sana, na hesabu inaonyesha hivyo. Tuseme kila mzunguko wa njia ya mashindano una miinuko ya jumla ya mita 100. Kupunguza kilo 2 kutakuokolea takriban jouli 2,000 (jouli ni kipimo cha nishati) katika mzunguko huo. Sasa chukua kona moja ambayo mwendeshaji mzoefu huipita kwa kilomita 18 kwa saa, nawe kwa hofu unabana breki hadi kilomita 12. Ili kuirudisha kasi hiyo iliyopotea, wewe na baiskeli yako mkiwa na kilo 80 kwa pamoja, unahitaji takriban jouli 550, nguvu ambazo zingetosha kukupandisha mlima kwa sentimita 70. Kwa hiyo kona nne tu zinazidi faida yote ya baiskeli mpya, na njia yenye kona 20 za aina hiyo inakuongezea mita 14 za kupanda katika kila mzunguko, ambazo wenzako hawazipandi. Nimeacha kando upepo na msuguano wa tairi, lakini havitaugeuza uwiano huu.

Basi anzia kwenye kona. Tafuta mteremko mfupi wa murram wenye kona mbili au tatu, mahali pasipo na magari wala watoto. Weka jiwe juu ya mteremko, anzia hapo bila kukanyaga pedali hata mara moja, kisha uache baiskeli iserereke hadi isimame yenyewe, na pale iliposimama uweke jiwe la pili. Kila unapopunguza breki zisizo za lazima, baiskeli itasimama mbele zaidi ya jiwe hilo, nawe utakuwa na kipimo ambacho hakikudanganyi kama saa inavyoweza kukudanganya siku ya upepo. Maliza kufunga breki kabla ya kuingia konani, gurudumu likiwa bado limenyooka, kwa kuwa tairi inayolazimishwa kufunga na kukata kona kwa wakati mmoja juu ya kokoto huteleza. Kidole kimoja katika kila breki kinatosha iwapo breki zako ni za diski na ziko katika hali nzuri. Shusha mguu wa upande wa nje, laza baiskeli zaidi ya mwili wako, na macho yatazame pale kona inapoishia. Wanaoanza wengi hutazama jiwe wanaloliogopa, na ndilo wanaloligonga. Katika siku za kujifunza, teremsha tandiko kwa sentimita chache ili upate nafasi ya kusogea.

Kuhusu zile kilomita 20 za kila jioni, tatizo ni kwamba mwendo huo ni mzito mno kuuruhusu mwili upumzike, na bado ni mwepesi mno kuulazimisha ujenge uwezo mpya, hasa kwa kuwa unaurudia ukiwa umechoka. Chagua siku mbili kwa wiki za kazi ngumu, zisizofuatana. Siku ya kwanza, panda mlima kwa dakika 4 kwa nguvu ambazo hazikuruhusu kutamka zaidi ya maneno mawili matatu, teremka polepole kwa dakika 3, na urudie mara nne. Siku ya pili, fanya mazoezi ya kuanza mbio: mguu mmoja chini, gia ya wastani, sekunde 45 za nguvu zote, kisha bila kupumzika uendelee dakika 3 kwa mwendo wa mashindano; pumzika dakika 5 na urudie mara nne. Zoezi hili lina maana kwa sababu njia nyingi huanza pana na kuishia kijia chembamba ambamo kupita mtu ni shida, hivyo nafasi unayoingia nayo ndiyo utakayokaa nayo kwa muda mrefu. Siku nyingine endesha kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima, upumzike kabisa siku moja au mbili, na kila wiki ya nne upunguze kazi yote kwa takriban nusu.

Siku ya kukagua njia, tembea kwa miguu sehemu ngumu na utafute njia ya pili ya kuzipita. Katika Olimpiki ya Paris ya 2024, Tom Pidcock wa Uingereza alipata pancha iliyompotezea zaidi ya nusu dakika, akarudi mbele, na katika mzunguko wa mwisho akampita Victor Koretzky wa Ufaransa mahali ambapo njia iligawanyika kuuzunguka mti.

Fedha ulizonazo zitumie kwanza kwenye tairi mbili nzuri zenye meno ya kushika vumbi na kokoto, na pedi mpya za breki. Ukiwa na tyubu, anza na upepo wa psi (kipimo cha shinikizo kinachosomwa kwenye pampu) 28 hivi mbele na 30 nyuma, kisha urekebishe kidogo kidogo. Ukishuka mno, tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe na kupasuka. Ikiwa rimu zako zinakubali tairi zisizo na tyubu, pamoja na maji ya kuziba pancha, unaweza kushuka hadi karibu na psi 22 kwa uzito wako, na miiba midogo ya migunga haitakusimamisha mara kwa mara.